Bastola ya Mbelgiji na Saa ya Bartolomeo

Jumatano, 3 Julai 1974. Mbeya

Barua ya polisi imefika. Mimi na Bartolomeo, raia wawili wenye leseni za bastola mtaani hapa, tufike Jumamosi ya tarehe 13, saa tatu asubuhi, kwenye machimbo ya zamani ya kokoto chini ya mlima Loleza. Kila mmoja atapiga risasi tano mbele ya Inspekta Masunga. Asiyepata shabaha angalau mara tatu, bastola yake itakaa ghala la polisi miezi sita. Inspekta anasema silaha kwa mtu asiyejua kulenga ni hatari kwa wananchi. Kweli tupu. Nikamwonea huruma Bartolomeo.

Bartolomeo ni seremala, karakana yake inatazamana na kibanda changu cha kutengeneza saa. Bastola yake ni ya mfukoni, fupi kama kidole gumba, na ameichongea mpini wa mninga ili watu waione. Yangu ni ya Mbelgiji, ya mwaka 1909. Mtutu mrefu, mwembamba. Inakula risasi moja moja, ndogo, namba ishirini na mbili. Niliinunua kwa mkulima Mgiriki aliyekuwa anahama Iringa. Hailii, inakohoa tu. Kwa adabu.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeifungua na kuifunga mara tatu, bila sababu. Kile kimlio cha chuma kukaa mahali pake! Saa hazijawahi kunipa raha hiyo.

Mafuta ya bunduki hayapatikani mji mzima. Nimetumia ya cherehani ya mke wangu. Jioni Mwanahawa akauliza mbona cherehani inapiga kelele. Nikasema ni baridi. Akaitazama chupa, akanitazama mimi. Akaifungia chupa kabatini.

Ijumaa, 5 Julai

Mazoezi machimboni. Nimepanga makopo ya maziwa juu ya jiwe. Risasi tisa, makopo mawili. Lakini hayo mawili! Kopo linaruka, harufu ya baruti inapanda puani, halafu unaliokota na kuona tundu dogo la duara, na jua linapita ndani yake. Nimelileta kopo moja nyumbani. Mwanahawa amelitupa.

Nilipokuwa bado nachekelea, Bartolomeo akatokea. Risasi sita, makopo sita. Akanishauri nitoe pumzi kabla ya kufyatua, tena nivute kifyatulio taratibu. Nani amemwomba ushauri? Mtu wa randa na misumari!

Nimebakiwa na risasi nne. Akasema Iringa zipo, duka la vifaa vya kuwindia. Alikuwa bado anaongea, nikaondoka.

Jumapili, 7 Julai. Iringa

Nimesafiri jana kutwa. Leo asubuhi nimefika dukani. Limefungwa. La jirani limefungwa. Mji wote umefungwa, watu wako uwanjani na ngoma. Ni Jumapili, na tena ni Saba Saba! Hakuna mtu Tanzania nzima asiyejua tarehe hiyo, isipokuwa mimi.

Nimelala kwa binamu yangu Muharami, mtaa wa Mlandege. Amecheka mpaka akawaita majirani nikawasimulie mwenyewe.

Jumanne, 9 Julai. Mbeya

Jana nimepata boksi zima, usiku nimerudi. Nimelipitisha mbele ya karakana ya Bartolomeo, mkononi, polepole. Akafurahi. Akasema na yeye ana maboksi mawili ya namba hiyohiyo, alitaka kunipa moja siku ile machimboni, lakini niliondoka kabla hajamaliza sentensi.

Sijui nimchukie kwa lipi kwanza.

Jumatano, 10 Julai

Risasi ishirini. Makopo manne. Nimejaribu kufumba jicho la kushoto, kisha la kulia. Yote mawili mara moja, bahati mbaya. Kutoa pumzi sijajaribu. Siwezi kutumia maarifa ya seremala.

Alasiri Bartolomeo ameleta saa yake ya mkononi. Inasimamasimama. Anaihitaji kabla ya Jumamosi asije akachelewa kwa Inspekta. Akasema hivyo mwenyewe, kwa mdomo wake!

Wazo limeniingia hapohapo. Asiyefika, amekosa shabaha zote tano.

Ijumaa, 12 Julai

Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Saa haisimami tena. Inatembea vizuri, ila kwa uvivu niliouweka ndani mwenyewe kwa kibano. Nimemkabidhi magharibi, imesetiwa sawasawa. Kesho asubuhi itakuwa nyuma kwa saa nzima. Nimekataa malipo. Amenishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Imepita.

Jumamosi, 13 Julai

Siku mbaya.

Nimefika machimboni saa mbili na nusu. Koti sikuvaa, lingebana mkono wa kulengea. Baridi ya Julai, na upepo unashuka Loleza kama umetumwa. Saa tatu, hakuna mtu. Saa tatu na nusu, mimi na kunguru. Vidole nilivipulizia, nikavikalia, nikavitia kwapani. Mwisho sikuvisikia tena.

Saa nne ikaja Landrova ya polisi. Ndani yake Inspekta Masunga na Bartolomeo, wanacheka, wamepata joto. Inspekta saa yake imeharibika, kwa hiyo alimpitia Bartolomeo. Wakaitazama saa iliyotoka kwa fundi, wakaona muda upo tele, wakanywa chai na maandazi.

Inspekta akanisifu. "Bwana Alawi, umewahi kweli! Ndiyo kwanza saa tatu kamili."

Nikashusha mkono wa shati, nikaifunika saa yangu.

Nikaanza mimi. Kwa baridi ile bastola ikaandika hewani kama kalamu. Mara mbili nje. Ya tatu nje. Ya nne ikatoboa karatasi ya shabaha, lakini ya Bartolomeo. Ya tano sijui iko wapi mpaka sasa. Kisha akapiga yeye, anatoa pumzi kila mara kwa makusudi. Inspekta akahesabu matundu sita kwa risasi tano, akampa mkono.

Nikarudi nao garini. Tulipopita dukani, redio ikatangaza saa tano. Inspekta akaitazama saa ya Bartolomeo: saa nne. Akauliza ni fundi gani ameitengeneza. Bartolomeo akajibu kwa upole, "Ni Bwana Alawi, afande. Lakini alinifanyia bure."

Kituoni nimeikabidhi bastola, imefungwa kitambaa cheupe. Nikamwomba askari wa ghala aipake mafuta kila Ijumaa. Akauliza mafuta gani. Nikasema ya cherehani, nikatoka nje.

Jumatatu, 15 Julai

Wateja watatu wamekuja kuchukua saa zao, moja ikiwa bado vipande vipande.

Bartolomeo amekuja pia. Kasema kila Jumamosi twende wote machimboni nikafyatue bastola yake, yeye akisimamia. Miezi sita ikiisha nitakuwa mpigaji mzuri. Anaongea kwa moyo safi, ndicho kinachoniudhi. Nimemwambia nina kazi nyingi.

Jumatano, 17 Julai

Mungu hamtupi mja wake! Leo amekuja Liberatus, anafanya kazi kiwanda cha mbao Mafinga, kaleta saa ya ukutani. Katika maongezi akasema huko kuna mzee anauza bastola ya Mjerumani, ya kabla ya vita ya kwanza, ndogo, inaingia kiganjani, na imehifadhiwa kwenye mfuko wa ngozi. Mfuko wa ngozi!

Mimi polisi hawatanipa leseni ya pili sasa hivi. Lakini Mwanahawa hajawahi kukosa shabaha hata moja mbele ya Inspekta. Fomu nimeshaichukua. Kesho atasaini. Nitamwambia ni ya mgawo wa sukari.

Penye sababu ya kuhitaji silaha nimeandika kwamba mwombaji anafukuza nyani shambani. Shamba hatuna. Nani atauliza?