Kiapo cha Baiskeli

Jumanne, 11 Februari

Kauli imetoka. Mbele ya bwalo zima nimeapa kwamba nitakwenda kampasi ya pili kwa baiskeli, peke yangu, bila gari na bila msaada wa kiumbe yeyote. Kura ni Jumamosi. Kampasi ya pili ndiyo itakayoamua nani awe mwenyekiti wa wanafunzi, na hakuna mgombea aliyewahi kuifikia kwa jasho lake mwenyewe. Makofi! Baadhi yake yalikuwa ya kuua mbu, lakini makofi ni makofi.

Mpinzani wangu, yule tunayemwita Taratibu, aliulizwa yeye atakwendaje. Akajibu kwamba atapanda basi. Basi! Na mtu huyo anataka kutuongoza.

Dada yangu, ambaye ni muuguzi, ameniazima baiskeli anayoendea kazini. Alinikumbusha kwamba mwavuli wake niliurudisha ukiwa mpini mtupu. Nikamweleza kuwa historia haijengwi kwa miavuli. Anaitaka baiskeli Jumatatu asubuhi, ikiwa na magurudumu yote mawili. Mawazo finyu.

Mizigo tayari: kipaza sauti cha mkono, bendera, vipeperushi vya kutosha taifa. Nafasi iliyobaki imetosha chupa moja ya maji.

Jumatano, 12 Februari

Nimeondoka saa sita mchana. Dada alishauri alfajiri. Lakini alfajiri nani angeniona? Umati huwa bwaloni saa sita. Na kweli ulikuwapo. Ulikuwa kwenye foleni ya chakula, umenipa mgongo, lakini ulikuwapo.

Nilivaa suti nyeusi. Kiongozi hawezi kuwafikia wananchi akiwa nusu uchi. Kwenye kilima cha kwanza suti ilinikumbatia kama ndugu aliyepotea miaka mingi. Kwenye cha pili maji yakaisha. Lami ilikuwa imelainika, magurudumu yakinata. Nikajihutubia kidogo ili kujipa moyo; kipaza sauti kikaniunguza mdomo. Wahenga walisema penye nia pana njia. Nia ninayo. Njia ninayo, tena ndefu. Kuhusu maji wahenga walinyamaza.

Ninalala kwa shangazi. Je, huu si msaada? Nimelitafakari suala hili kwa kina. Shangazi si msaada. Shangazi ni taasisi, nayo ilikuwapo kabla ya kiapo changu.

Taasisi ilinipaka mafuta shingoni palipoungua na kuuliza kwa nini nisisafiri asubuhi. Nilimfafanulia kwa kirefu uhusiano kati ya jua, tabaka na utashi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "jua halipigi kura. Vaa kofia."

Alhamisi, 13 Februari

Alfajiri shangazi alinigongea mlango na kunionyesha dumu la maji alilotaka kunifungia nyuma ya baiskeli. Nikalikataa. Akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamshukuru kwa methali, nikarudi kulala, nikaondoka saa nne, miguu yote miwili ikiwa mizima.

Njiani nikashangaa uzito wa baiskeli. Dumu! Alilifunga nikiwa usingizini na kulifunika kwa bendera yangu mwenyewe. Nilisimama. Kiapo ni kiapo. Nikaumwagia mti maji yote, nikautolea na hotuba fupi juu ya ukarimu. Mti haukuahidi kura.

Kisha pancha. Kiraka nilichobandika kiliteleza. Gundi ilikuwa imegeuka uji kwa joto. Nikaketi kwenye kivuli cha kibao cha barabarani, kivuli chembamba kama bakora, nikawa nakifuata kila kiliposogea. Nilianza kuufikiria ule mti kwa chuki.

Basi likasimama. Taratibu akashuka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna kiti, baiskeli itafungwa juu, na yeye mwenyewe atawaomba abiria wasiseme kitu. Abiria wote walikuwa madirishani. Nikamjibu kwamba ni heri nife nimesimama. Nilikuwa nimeketi, lakini alielewa. Akaweka chupa ya maji kando ya barabara, akapanda, wakaenda.

Nilingoja mpaka basi likapotea. Chupa iliyoachwa barabarani si msaada. Ni mali ya umma. Nikaitaifisha, yote, kwa mkupuo mmoja.

Nikasukuma baiskeli hadi shule ya msingi. Mlinzi alidhani mimi ni mkaguzi, kwa sababu ya suti. Sikumsahihisha. Nimepewa darasa la kulala.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekuta fundi, pancha imezibwa, lakini jua limenishinda hoja. Mchana nilianza kuona barabara mbili na kuzihutubia zote.

Lori la vitunguu likasimama. Dereva akaniambia nipande kabla sijawa marehemu wa kumsumbua kwa maelezo kituo cha polisi. Nikakataa, nikamweleza kiapo. Akazima injini ili anisikie vizuri, kisha akaiwasha tena. Hapo tukafikia mwafaka wa kihistoria. Baiskeli ilifungwa wima juu ya magunia, mimi nikaketi juu ya tandiko, nikakanyaga pedali njia nzima.

"Nimebeba mbuzi, nimebeba maharusi," dereva akasema. "Abiria anayejiendesha ndani ya gari langu, wewe ndiye wa kwanza."

Tumeingia kampasi ya pili jioni, nami nakanyaga. Wanafunzi walitoka mabwenini kutazama. Walishangilia sana. Sijawahi kupokewa hivyo.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya mdahalo na kura. Uso wangu ulikuwa umebabuka upande mmoja tu. Sauti ilikuwa imebaki barabarani. Kipaza sauti kilikuwa kimepinda kwa joto na kutoa mlio wa bata.

Taratibu alizungumza kwa dakika chache. Alisema ameona bomba la bwenini halitoi maji, akamtafuta mhandisi wa chuo tangu jana, na litafunguliwa wiki ijayo. Akaketi. Ndiyo hotuba hiyo!

Nikasimama mimi. Nilinong'ona kuhusu ukombozi, kuhusu jasho, kuhusu kiongozi anayefika kwa misuli yake. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza kwa upole kama vitunguu navyo vilifika kwa misuli yao. Ukumbi ukavunjika mbavu. Sauti ikatoka nyuma: "Mheshimiwa, kunywa maji kwanza."

Nimeshindwa. Vibaya. Dereva wa lori, ambaye si mwanafunzi wala hakugombea, naye ameandikwa kwenye karatasi kadhaa za kura.

Taratibu alikuja kunipa mkono. Nilitaka kukataa, lakini watu walikuwa wakitazama; kiganja changu kilikuwa na malengelenge, nikampa vidole viwili.

Jumapili, 16 Februari

Nimeupima msafara mzima bila upendeleo. Kosa limebainika. Ni suti: ilikuwa ya vipande viwili, na umma haukuona uzito wa suala. Ninacho kizibao cha sufu, kitakuwa kipande cha tatu. Kipaza sauti nacho kilikuwa kidogo mno.

Dada amepiga simu kuulizia baiskeli yake. Nimemhakikishia kwamba itafika kesho, nami nikiwa juu yake, peke yangu, bila msaada wa kiumbe yeyote. Alikata simu papo hapo. Ni heshima, nadhani.

Naondoka saa sita mchana. Wataniona.

Taratibu, ambaye anarudi na basi la asubuhi, alinifuata na chupa mbili za maji. Nimezikataa kwa maneno makali, mbele ya mashahidi. Kisha nikamvuta pembeni na kumwelekeza aziache kwenye kilima cha pili, upande wa kushoto, kama mtu aliyezisahau.