Waraka wa Bakteria Wema na Ufunguo wa Choo

Umma unatangaziwa kwamba tumbo la kila mtumishi wa Idara ya Kumbukumbu za Kumbukumbu limepandishwa hadhi na kuwa ghala dogo la serikali. Ninatangaza kwa fahari, maana siku lilipopandishwa nilikuwepo. Nilisimama pembeni ya ukumbi na ndoo yangu, ufunguo wa choo ukiwa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Mimi ndiye Mtunza Ufunguo. Wananiita Bibi Funguo. Ghorofa yetu ina choo kimoja na watumishi arobaini na mmoja, kwa hiyo msione kazi ndogo. Nimeifanya miaka kumi na tisa nikiwa kibarua wa muda. Kibarua wa muda hana barua, na asiye na barua hapewi kiti, kwa sababu kiti ni mali ya serikali na mali ya serikali haikaliwi na mpita njia. Basi nakalia ndoo. Ndoo ni yangu mwenyewe.

Barua yangu ya kuthibitishwa kazini ipo. Imechapwa vizuri, ina kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, inasubiri sahihi ya Mkurugenzi tu. Huu ni mwaka wa kumi na moja inasubiri. Mimi sina haraka. Wenye haraka ni magoti.

Kila jioni mjukuu wangu ananichua magoti hayo kwa mafuta, na kila jioni ananiuliza, "Bibi, barua imetoka?"

"Bado, iko kwenye mchakato."

"Mchakato ndio nini?"

"Ni mahali, mjukuu wangu. Mimi sijafika, lakini nasikia ni mbali."

Sasa, Jumatatu hiyo ya kupandishwa matumbo Mkurugenzi alikuwa ametoka semina ya siku tatu, na alirudi na neno jipya: probayotiki. Alilitamka mara nne kabla ya kuketi.

"Ndugu watumishi," alisema, "mwaka jana idara hii iliugua mafua siku mia nne na sita, ukijumlisha watumishi wote. Aidha, kumbukumbu za vikao zinaonyesha kwamba milio ya matumbo imekatiza hotuba zangu mara kumi na saba. Hali hii haivumiliki." Akainua kidonge kimoja juu, tukakitazama wote. "Humu ndani mna bakteria wema bilioni kumi. Wataratibu mmeng'enyo wa chakula. Wataimarisha kinga ya mwili. Watafanya kazi mchana na usiku bila kuomba likizo."

Hapo wakuu wa vitengo walipiga makofi, wakitutazama sisi wengine kwa jicho la lawama.

Nesi wa zahanati ya jirani alikuwa amealikwa kueleza matumizi. Akasema kwa ufupi, "Kimoja kwa siku kinatosha. Mwenye maradhi mengine aulize kwanza. Na msivimeze vingi kwa pamoja, tumbo litawasumbua."

Mkurugenzi akamshukuru sana. Akasema hayo ni maoni ya kitaalamu na yatawekwa kwenye faili. Kisha akatangaza mgawo, na mgawo ulifuata vyeo, kwa sababu haiwezekani tumbo la mkurugenzi na tumbo la tarishi yapewe jeshi sawa. Mkurugenzi, vidonge kumi na viwili. Wakuu wa vitengo, vinane vinane. Makarani, vitatu. Tarishi, kimoja. Vibarua tutashiriki kwa kushangilia.

Nilishangilia.

Ilipofika saa nne asubuhi wote walikuwa wamemeza, ndipo mtunza stoo akanyoosha mkono. Huyu tunamwita Bwana Leja, maana hata umsalimie anaandika umemsalimia saa ngapi.

"Mheshimiwa, samahani. Hawa bakteria, wako hai au wamekufa?"

"Wako hai kabisa!"

"Basi ni mali hai, kama ng'ombe wa shamba la serikali. Nataka kujua niandike vipi. Wamepokelewa, sawa. Wametunzwa katika tumbo la nani, sawa. Lakini wakitoka, wanatoka kwa kibali cha nani?"

Mkurugenzi alitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoitarajia.

Saa sita mchana waraka ulikuwa umebandikwa kwenye mlango wa choo. Nilisoma madarasa matatu tu, kwa hiyo nasoma kama mtu anayevuka mto: jiwe moja, napumzika, jiwe jingine. Kifungu cha nne kilisema bakteria wote waliomo matumboni ni mali ya umma. Cha tano kilisema hakuna mtumishi atakayewaondoa mwilini bila kibali cha Kamati ya Uteketezaji wa Mali na Fomu Namba Tisa, nakala tatu. Nikasema moyoni, hapo wamefikiria. Kifungu cha saba nilikifikia karibu saa nane. Kilisema mlango wa chumba cha kuteketezea mali, yaani choo, utafunguliwa na mtumishi aliyethibitishwa kazini, si mwingine.

Nilikirudia mara tatu. Kisha nikaenda ofisini kwa Mkurugenzi.

"Baba, kifungu cha saba kinanihusu."

"Wewe huna barua, Bibi."

"Ninayo. Iko hapo mezani kwako, chini ya kikombe."

Aliinua kikombe, akaiangalia, akakirudisha kikombe palepale. "Sahihi haiwekwi kienyeji. Kuna mchakato. Wewe kesho ukabidhi ufunguo, ukapumzike nyumbani na wajukuu. Na kuanzia dakika hii usimfungulie mtu yeyote. Umenielewa? Yeyote."

"Nimekuelewa, baba."

Nilirudi mlangoni pangu taratibu. Nilikaa kwenye ndoo nikiwaza nitamwambia nini mtoto jioni. Barua imetoka? Hapana, mjukuu wangu, nimetoka mimi.

Saa tisa kasoro robo jengo lilianza kusema. Kwanza kitengo cha masijala, mngurumo wa chini kwa chini. Kikajibu kitengo cha mipango. Kisha ghorofa nzima ikawa kama kijiwe cha pikipiki, kila mmoja anajaribu kuwasha yake. Wakuu wa vitengo wote sita walifika mlangoni pangu kwa mwendo wa heshima, magoti yamebanwa, wakapanga foleni. Bwana Leja alikuwa nyuma yao, jasho likimtiririka kwenye leja.

"Bibi, fungua."

"Kifungu cha saba."

"Bibi yangu, ni mimi!"

"Nakuona, mwanangu. Hata kifungu kinakuona."

Ndipo Mkurugenzi akatokea. Alitembea kama mtu aliyebana trei ya mayai katikati ya mapaja na kuambiwa lisivunjike hata moja. Foleni ikampisha mbele, maana vyeo ni vyeo.

"Fungua mlango. Naamuru!"

"Mheshimiwa, natii amri yako ya saa nane. Hii ya saa tisa bado haijaandikwa."

"Kamati!" akapiga kelele. Kumbe Kamati ya Uteketezaji ilikuwa ni wao hao hao, yeye mwenyekiti na wale sita wajumbe. Bwana Leja akahesabu vichwa, akasema akidi imetimia. Walifanya kikao cha dharura papo hapo, cha kusimama, na kwa mara ya kwanza katika historia ya idara hakuna aliyeomba kuchangia. Kibali kikapita.

"Haya! Kibali hicho!"

"Hongereni. Sasa imebaki barua."

Alinitazama. Nikamtazama. Tumboni mwake bilioni mia moja na ishirini zilikuwa zikifanya kazi bila kuomba likizo. Kisha kikatokea kitu ambacho hakijawahi kutokea kwa miaka kumi na tisa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Si... sijambo."

"Na nyumbani? Mama watoto?"

"Bibi, nakuomba!"

"Basi nani aende akailete barua?"

Mwenye miguu ya kukimbia alikuwa mmoja tu, tarishi wa kidonge kimoja, mzee mwenzangu. Alirudi na barua huku anapiga mluzi, afya tele. Ilikuwa na duara la chai katikati. Mkurugenzi akaiweka mgongoni mwa mkuu wa mipango, akatia sahihi. Mgongo ulitetemeka, sahihi ikatetemeka, ila ni yake.

"Sasa fungua!"

"Nitafungua. Ngoja niisome. Nimeisubiri miaka kumi na moja, si vizuri niipokee kama risiti." Nikavaa miwani. "Ku-thi-bi-ti-shwa. Ka-zi-ni." Nyuma yangu mtu alianza kusali. "Aya ya pili. 'Mtumishi a-ta-pe-wa ki-ti ma-ra mo-ja.' Baba, mara moja ni lini?"

"Stoo haina kiti hata kimoja," akasema Bwana Leja, maana hata kwenye shida alikuwa mkweli.

"Mpeni changu!" alilia Mkurugenzi. "Mpeni changu, jamani, mpeni!"

Tarishi akakileta kwa kukisukuma kwenye ukumbi mrefu, kikija kwa magurudumu yake matano, cha ngozi, chenye mgongo unaopita kichwa cha mtu. Nikakikalia. Magoti yangu hayakuamini. Nilizunguka nacho mara mbili, si kwa kiburi, kwa kukijaribu tu. Kisha nikavua kamba shingoni, nikafungua mlango.

Alipita kama upepo. Nikafunga, kwa sababu ya staha, na nikatoa Fomu Namba Tisa.

"Mheshimiwa," nikamwambia kupitia tundu la kitasa, "sehemu ya kwanza inauliza jina. Hilo nalijua. Sehemu ya pili: idadi ya mali inayoteketezwa. Niandike wote, au wapo wanaobaki kazini?"

Ukafuatia mlio ambao sitauweka kwenye kumbukumbu. Kisha sauti ndogo, ya mtu asiye na cheo chochote:

"Bibi... andika wote."

Wale sita wakaniangalia kwa macho ya kuomba huruma, miguu imesokotana. Nikaegemea vizuri. Nikalowesha ncha ya kalamu kwa ulimi, nikaanza na herufi ya kwanza.

Nakala tatu.