Kwa Nini Nimwinamie Samaki?

Kwa Ndugu Afisa Uvuvi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa mwandiko wako kwenye tangazo la ubaoni unaonyesha hujabadilika tangu nikiwa mwalimu wako mkuu. Nakuandikia kumshtaki tarponi mmoja, yule samaki mrefu kama mlango, mwenye magamba ya kung'aa, anayekaa pale mto unapoingia baharini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Amenikatia mshipi mara nne. Wavuvi wenzangu wanadai kosa ni langu. Eti tarponi akiruka juu ya maji, mvuvi sharti ainame na kuishusha fimbo yake ya kuvulia ili mshipi ulegee, la sivyo unakatika. Ndugu Afisa, nimeongoza shule miaka thelathini na mmoja. Wakaguzi walikuja na magari yao, sikuwainamia. Leo nimwinamie samaki?

2. Hana adabu. Kila baada ya muda huja juu kuvuta hewa, akabeua, akazama. Mara ya kwanza mke wangu, aliyekuwa amekaa nyuma yangu kwenye boti, alidhani ni mimi. Nilinuniwa mpaka jioni.

3. Ni mwizi. Ana vyambo vyangu vinne vya plastiki, kimojawapo chekundu nilichopewa na walimu siku ya kuniaga.

4. Hili ndilo linaloniuma. Jumapili iliyopita aliruka, nami nikasimama wima kama kawaida yangu. Safari hii mshipi ulikataa kukatika, kwa hiyo nikaufuata majini na viatu vyangu. Shemeji yangu, fundi seremala, alikuwa gatini. Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akiniona tu anapaza sauti: "Inama, Mwalimu! Hapa si gwaride!"

Mke wangu hakucheka. Alinikausha kichwa kwa taulo, kisha akatoa tamko: nisipomfikisha samaki huyo ubavuni mwa boti kufikia Jumamosi, boti anapewa kaka yake, huyo huyo seremala. Sikufichi, niliogopa. Tangu nistaafu, kila kiti ninachokalia kuna mtu anataka kufagia chini yake. Boti ile ndiyo ofisi pekee niliyobaki nayo.

5. Kwa hiyo naomba tarponi apewe barua ya onyo, ibandikwe kwenye nguzo ya gati upande wa majini. Akatazwe kuruka zaidi ya sentimita thelathini. Na kama ni lazima mtu ainame, ainame yeye, kwa sababu mimi ni mkubwa kwake. Akibisha, alete cheti cha kuzaliwa.

Nisalimie karani wako, dereva wa ofisi, na mama yako mzazi, ambaye hakuwahi kukosa kikao cha wazazi hata kimoja, maskini, na wewe unajua sababu.

Ni mimi, mlalamikaji wako,
Mwalimu Mkuu (Mstaafu)

Nyongeza: Barua hii ilibaki mfukoni kwa kukosa bahasha. Leo ndiyo Jumamosi. Asubuhi tarponi ameruka, na nimeinama. Nimeinama mara sita, na ya mwisho paji la uso limegusa ubao wa boti. Amekuja ubavuni mpole kabisa. Mke wangu amemtoa ndoana kwa mkono wake, akamshikilia majini mpaka akapata nguvu, akamwachia, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nistaafu. Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Tafadhali futa mashtaka yote. Badala yake, tuma fomu moja ya leseni ya uvuvi, kwa jina la mke wangu. Shemeji hakupata boti. Boti kaichukua mke wangu mwenyewe, mimi kanipa kopo la kutolea maji, na kesho natakiwa niwe gatini saa kumi na mbili kamili, bila visingizio.