Dzaleka Haina Plasma

Je, mnajua kwamba Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, haina plasma? Jambo hilo lilithibitishwa rasmi. Mimi, bibi wa wajukuu tisa niliyefika darasa la sita, nilikuwa Mjumbe wa Kamati ya Uhakiki, kwa sababu nina kiti changu chenye mgongo.

Plasma, tulielezwa, ni hewa iliyopashwa moto mpaka ikawaka yenyewe, kama ndani ya radi. Kompyuta ya Lilongwe ilihesabu plasma ya kila mahali kwa majuma matatu. Dzaleka: sifuri. Radi hazikuhesabiwa, kwa kuwa ni wapita njia. Mkurugenzi wa kambi akaipiga hesabu hiyo muhuri wa zambarau, akaupulizia ukauke.

Alipokuja kututangazia, Speciose, mama anayechomelea vyuma karibu na soko, alikuwa anaunga dirisha la kanisa. Mwanga mweupe ukaruka.

"Hiyo nini?" Mkurugenzi akaziba macho.

"Ni kazi, patron. Usiangalie, macho itauma."

Mtaalamu wa kompyuta akanong'ona, "Bosi, hiyo ni plasma."

Kamati ilikaa saa mbili, kwa chai na mandasi. Tukaamua kwa busara: hesabu ina muhuri, dirisha halina. Kwa hiyo kinachopaswa kurekebishwa ni duka la Speciose. Likafungwa kwa kufuli.

"Na batoto bangu bane batakula nini?" Speciose akauliza. "Sifuri?"

Swali lake niliandika chini ya Mengineyo.

Juma lililofuata likaja pipa la majaribio kutoka Lilongwe, ili wakimbizi tuonyeshwe plasma yenye kibali. Kwanza pampu inyonye hewa yote ya ndani. Ikanyonya, ikalia, hewa ikarudi. Barabara ilikuwa imelipasua pipa ubavuni, ufa wa urefu wa kidole changu. Wageni wameketi, wapiga picha wamesimama.

Mkurugenzi akamfuata Speciose, aliyekuwa anamenya viazi mbele ya kufuli lake.

"Mama, msaada kidogo."

"Musaada gani, patron?"

"Ule wa... kuunganisha."

"Na nini?"

"Na kile kifaa chako."

"Kinafanyaka nini, kile kifaa?"

Mkurugenzi akanitazama. Nilikuwa na kalamu tayari, maana mjumbe lazima aandike.

"Sema kwa nguvu, patron," Speciose akasema. "Bibi hasikii vizuri."

Ninasikia vizuri sana. Nikakinga mkono sikioni.

Mkurugenzi akatoa ufunguo mfukoni, jasho likimtiririka mpaka kwenye tai.

"Kinatengeneza plasma," akasema, wageni wote wakageuka. "Fungua duka, mama. Nataka plasma."