Meza ya Vichwa Saba

Jumatatu, 3 Machi
Siku yangu imefika! Mama Itifaki, mkuu wa itifaki hapa ukumbini, kaja mwenyewe karakanani. Ijumaa tunapokea wajumbe wa mataifa saba. Zamani, kasema, kazi ilikuwa nyepesi: mkubwa alikuwa mmoja, anakaa kichwani mwa meza, wengine wanajipanga kama vifaranga. Sasa dunia imegeuka. Kila mjumbe kaandika barua kudai kichwa cha meza. Vichwa saba, meza moja! Nikamwambia asihofu, seremala nipo. Nikifaulu, cheo cha msimamizi wa ukumbi ni changu. Nikiharibu, anapewa mpambaji. Yaani shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mtu wa mapazia!

Jumanne, 4 Machi
Meza ya duara! Haina kichwa, haina mkia. Nimekata mbao tangu asubuhi huku naimba. Mchana shemeji kaja kuchungulia, mikono nyuma kama mkaguzi. Eti duara nalo lina kichwa: anayeutazama mlango ndiye mkubwa, anayeupa mgongo ndiye mdogo. Nikamwambia arudi kwenye mapazia yake. Alipoondoka nikakimbia kwa Mama Itifaki. Kumbe kweli! Wajumbe watatu wameshauliza mlango uko upande gani.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Duara linalozunguka! Beringi za toroli chini, mota ya feni kuukuu, na kila taifa litapita mbele ya mlango kwa zamu. Ukubwa wa kupokezana! Nimemweleza mke wangu wakati wa kula, nikimzungushia sahani. Akatafuna, akameza, akauliza: meza ikizunguka, watu je? Nikamwambia mambo ya kimataifa ni mazito. Damu nzito kuliko maji. Anamtetea kaka yake.

Alhamisi, 6 Machi
Jaribio. Inateleza kama samli! Nikapanda juu, nikaketi, nikapita mbele ya mlango mara tatu nikiupungia mkono. Nilijiona rais. Shemeji kaniona pia. Akanisihi, kwa heshima ya dada yake, niing'oe hiyo mota. Wivu hauna dawa. Mama Itifaki nimemwandikia kwamba meza ipo tayari. Sikutaka kumharibia uhondo.

Ijumaa, 7 Machi
Wajumbe wameketi. Mimi nyuma ya pazia, kidole kwenye swichi. Nikawasha.
Watu wakabaki. Meza ikaondoka.
Ikaondoka na vibao vya majina, hotuba, glasi, na miwani ya mtu. Muda si muda kibao cha taifa kubwa kuliko yote kikasimama mbele ya mjumbe wa kisiwa kidogo, bibi mwembamba mwenye kikohozi. Akakitazama. Akasafisha koo.
"Kwa niaba ya nchi yangu kubwa," akasema, "kuanzia leo tutabisha hodi kabla ya kuingia kwa watu."
Mtu mmoja kacheka, wakacheka wote. Wote isipokuwa mkubwa mwenyewe, aliyekuwa akiifukuza hotuba yake kuizunguka meza. Nikataka kuzima. Swichi ikanasa! Mota ikalia, meza ikashika kasi, glasi zikaruka kama panzi. Shemeji ndiye aliyechomoa waya.
Mkutano umeendelea kwa kusimama, kila mtu alipojikuta.

Jumamosi, 8 Machi
Cheo kachukua shemeji. Nimempongeza kwa meno, moyoni pilipili. Mama Itifaki kanikataza kugusa chochote chenye waya. Mke wangu hakusema "nilikwambia." Alinisugua mikono kuniondoa gundi, taratibu, na hilo liliniuma zaidi. Akauliza kama nimejifunza. Nikasema sana. Na yule bibi wa kisiwani aliniaga kwa mikono miwili!

Jumapili, 9 Machi
Habari motomoto! Shemeji kapita kwetu, uso umemkunjamana. Mwezi ujao wanakuja wajumbe kumi na mmoja, na kila mmoja anataka awe wa kwanza kuingia. Mlango ni mmoja! Maskini, hajui pa kuanzia. Nikamwambia anywe chai, atulie, fundi nipo. Kwa mlango hakuna waya wowote. Nimeshapima ukuta: milango kumi na mmoja inaenea vizuri kabisa, ikiondolewa nguzo moja tu.
Ile ya katikati.