Kitabu cha Makampuni Nyuma ya Vitabu vya Mapishi

Jumatatu, 4 Machi
Maktaba, saa mbili asubuhi. Usaili ni Alhamisi, kiwanda cha rangi. Mke wangu na binti yetu wako kwa kaka yake, mwezi wa tatu sasa. Mke wangu amesema nikipata kazi hii wanarudi. Basi nitakijua kiwanda hicho kuliko mwenye nacho! Kuna kitabu kikubwa cha makampuni, toleo la mwaka huu, nakala moja tu, haiazimwi. Nimekuta yule jamaa tuliyemwita Miwani amekiinamia. Tulikuwa makarani pamoja, tukapunguzwa kazi siku moja, na usaili kaitwa huohuo. Akanikaribisha tusome pamoja. Ujanja huo! Nikamwambia nimefuata gazeti tu. Nimesoma gazeti saa tatu nzima. Hadi matangazo ya vifo.

Jumanne, 5 Machi
Nimemuwahi! Kitabu nimekichomeka nyuma ya vitabu vya mapishi. Kesho nitakisoma peke yangu, kwa raha zangu. Miwani kazunguka rafu zote, wala hakukasirika. Akahamia kwenye kompyuta. Nikampigia mke wangu aanze kufunga mizigo. Akasema nimwambie nikishapata. Nikaomba kuongea na mtoto. Eti kalala. Saa kumi na moja jioni!

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Mkutubi kapanga upya rafu ya mapishi. Kitabu hakipo hapo wala mahali pake, na kumuuliza ni kujishtaki. Kompyuta siijui, na kuomba kuelekezwa ni aibu. Nimechukua toleo la miaka tisa iliyopita. Kiwanda ni kilekile, kitabadilika nini? Nimekariri kila kitu, hadi jina la mkurugenzi.

Alhamisi, 7 Machi
Aliyenisaili ni mama wa makamo, mpole. Nikamwaga yote. Nikasifia rangi za meli. Nikaomba salamu zangu zimfikie mkurugenzi, mchapakazi asiyechoka. Akasema mkurugenzi huyo alikuwa mume wake, alifariki miaka minne iliyopita. Rangi za meli waliacha zamani. Akanishukuru hata hivyo, akifuta macho. Niliona haya. Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani, nikalala na viatu.

Jumamosi, 9 Machi
Kazi kapata Miwani. Kaja mwenyewe kunipa pole, akajitolea kunifundisha kompyuta. Nikamwambia nina shughuli.

Mchana mke wangu kapiga. Shemeji ana nafasi ya kazi ghalani kwake. Niende leo, tukae wote watatu, mtoto ananiulizia kila siku. Nililia, simu nikaiweka mbali asisikie. Nawakumbuka mno.

Lakini kuna kampuni ya vioo itaajiri karibuni! Nimeshaandikisha kompyuta ya maktaba wiki mbili mfululizo, kwa majina sita ya uongo, mtu mwingine asiiguse. Kuitumia nitajua hukohuko. Nikamwomba mke wangu anivumilie wiki hizo mbili tu. Akasema Jumatatu anamwandikisha mtoto shule ya kule. Nikamwambia asifanye haraka, safari hii nimejipanga. Simu alikuwa ameshakata.