Sabuni Iliyomuua Cheche

Jumatatu, 3 Machi
Nimemuua Cheche. Ukurasa wa tatu tu, kabla msomaji hajakaa vizuri. Mchawi aliyeshinda majoka saba katika kitabu cha kwanza, katika cha pili kateleza kwenye kipande cha sabuni, basi. Raha iliyoje! Cheche nilimchora kutokana na rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Siku ya uzinduzi msomaji mmoja aliuliza ni nani aliyebuni uchawi wote ule. Nikajibu ni mimi. Fundi, aliyeubuni kweli, alikuwa amekaa safu ya mbele. Miezi minane sasa hanisemeshi. Eti kanuna! Shauri yake.

Jumanne, 4 Machi
Mhariri kasoma kurasa nilizomtumia jana, kapiga simu. Kuhusu kitabu cha kwanza zimekuja barua arobaini na tatu za wasomaji. Arobaini na moja zinamtaka Cheche. Mbili zinamtaja Nuru, shujaa wangu, mrembo, mwerevu, anayefanana nami kwa bahati tu. Moja kati ya hizo mbili inauliza kama ni lazima awemo. Mhariri anataka Cheche awe amefufuka ifikapo Ijumaa, la sivyo kitabu hakitoki. Kazi ndogo. Mwandishi si mimi?

Jumatano, 5 Machi
Si kazi ndogo. Kitabu cha kwanza, sura ya tisa, kanuni ya fundi (ya nani mwingine!): mfu hafufuki mpaka aliyemkosea amwombe msamaha kwa moyo, bila kutamka "lakini". Aliyeiacha sabuni sakafuni ni Nuru. Nikamwandikia Nuru maneno ya kumwambia Cheche: nisamehe, lakini ungetazama unapokanyaga. Nikafuta. Nisamehe, ingawa... Mama, anayesoma nyuma ya bega langu bila kualikwa, akasema "ingawa" ni "lakini" iliyovaa viatu. Akauliza kwa nini nisimwendee tu mwenzangu yakaisha. Nikamjibu haya ni mambo ya fasihi.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi. Nina mpango! Nimechana zipu ya gauni langu kwa wembe. Nitakwenda kama mteja, nimchokonoe fundi mpaka anipe kanuni nyingine. Mtaa mzima huu hauna kichwa kama changu.

Jioni. Fundi aliitazama zipu, akauliza wembe ulikuwa mpya au wa zamani. Nikajifanya sijasikia. Nikauliza, kwa mbali, kama mfu hawezi kufufuliwa kwa dawa ya mizizi, mathalani. Pini mdomoni, akasema hawezi. Kanuni ile aliitunga tulipokuwa na miaka kumi na moja, siku nilipovunja chupa ya chai ya mama yake nikamsingizia paka. Kwao hawakuwa na paka.

Nikacheka. Akacheka, pini zikamwagika. Nikainama kuziokota. Nikasema nilidanganya siku ile, uchawi wote ni wake, na nimemkumbuka mno. Nikaishia hapo. Akasubiri lile neno. Halikuja. Tukalia wote wawili juu ya gauni la watu, naye akalazimika kulipiga pasi upya. Ameishona zipu, na ameomba kitu kimoja tu: jina lake liwemo kwenye jalada. Nimeapa.

Ijumaa, 7 Machi
Cheche kafufuka! Maneno ya jana nimeyatia kinywani mwa Nuru, yote, hata ile kwikwi. Mhariri anasema amelia, hajawahi kusoma msamaha wa kweli kama huu. Akauliza nimeutoa wapi. Nikasema kichwani mwangu. Akauliza jalada liwe na majina mangapi. Nikasema moja, mawili yataibana picha. Mama kapita akisema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui anamsema nani.

Kesho nitakwenda kwa fundi nimwombe radhi vizuri, lakini naye aelewe kwamba jalada ni dogo. Ataelewa, ndiye rafiki yangu wa kweli. Akinuna, kitabu cha tatu nacho kina ukurasa wa tatu. Safari hii nafikiria ngazi.